Kindi wawili wa Jozani: ni dume na jike, au ni spishi mbili?

*"Asalaam aleykum mtaalamu. Mimi ni muongoza watalii katika msitu wa Jozani, Unguja. Tunao kindi wa namna mbili. Mmoja ana tumbo, miguu na mkia mwekundu unaowaka. Mwingine ni wa kijivu-kahawia na mkia wake una pete nyingi. Wenzangu huwaambia wageni kwamba mwekundu ni dume na wa pete ni jike. Kitabu cha zamani tulichonacho kinamwita huyu wa pete Heliosciurus rufobrachium, lakini programu ya simu inasema ni Heliosciurus undulatus. Mgeni kutoka Kampala alisema rufobrachium yupo hata kwao. Mgeni kutoka Afrika Kusini naye akasema yule mwekundu ni wa kwao KwaZulu-Natal, tena ni adimu sana. Wazee wa hapa wanasema kindi waliletwa kisiwani na majahazi. Tunataka kuweka bango la maelezo njiani, na sitaki tuandike uongo. Tuandike nini? Jambo jingine: kijana wa jirani ameokota mtoto wa kindi, anamfuga kizimbani, na juzi amemng'ata kidole. Kuna hatari?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na mwisho wa barua yako, maana bango linaweza kusubiri lakini kidole hakisubiri.

Kindi ni nadra sana kuwa na kichaa cha mbwa, kwa hiyo familia ya kijana huyo isiingiwe na hofu kubwa. Hata hivyo, meno ya mbele ya mnyama huyu ni marefu na membamba. Huzama ndani na kuacha tundu dogo linaloziba juu huku uchafu umebaki chini. Kama jeraha bado halijasafishwa vizuri, alioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba ameng'atwa na mnyama wa mwituni. Atakayempokea ndiye wa kuamua kuhusu chanjo ya pepopunda na kama kuna haja ya nyingine. Kidole kikiwa kimevimba, kina joto, kinatoa usaha, au wekundu unapanda kuelekea mkononi, aende leo leo. Huyo mtoto wa kindi naye asiachiwe ovyo porini wala asiendelee kufungiwa nyumbani. Mkabidhini kwa watu wa hifadhi au idara ya misitu. Wanyamapori hawafugwi bila kibali, na kindi aliyezoea mikono ya watu ndiye hung'ata zaidi, kwa kuwa hawaogopi tena.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Naona linalokusumbua zaidi ni kwamba kila aliyesema na wewe amesema kwa uhakika, na wote hawawezi kuwa sahihi kwa pamoja. Ukweli ni kwamba kitabu chenu, simu yako na wageni wako wawili kila mmoja ameshika kipande cha jambo. Wenzako wa kazini ndio wamekosea kabisa, kwa hiyo niwaanze wao.

Hao si dume na jike. Ni spishi mbili, tena za jenasi (yaani makundi ya spishi za karibu) mbili tofauti. Mwekundu ni *Paraxerus palliatus*, ambaye nitamwita kindi tumbo-jekundu. Wa pete ni wa kundi linaloitwa *Heliosciurus*, kindi-jua. Katika spishi zote mbili dume na jike wana rangi moja. Huwezi kuwatenganisha kwa manyoya. Huhitaji kuniamini kwa maneno tu. Kaa asubuhi mahali pamoja ukamtazame mwekundu aliye na chuchu zilizovimba kwa kunyonyesha, au ukawatazame wekundu wawili wakifukuzana wakati wa kujamiiana. Ukimwona jike mmoja tu mwekundu, hadithi ya dume na jike imekwisha, na wenzako watakubali kwa macho yao.

Rangi peke yake, hata hivyo, isiwe ndiyo mwongozo wako wa kwanza. Manyoya ya kindi hubadilika: hujivua manyoya ya zamani na kuota mapya, na kati ya mara moja na nyingine yale ya mgongoni huchujuka kwa jua kama kanga iliyoanikwa mwaka mzima. Kindi-jua ni maarufu kwa hili. Mmoja wa jamaa zake wa kusini anaitwa *mutabilis*, yaani anayebadilika, kwa sababu hiyo hiyo. Ukiongozwa na rangi utajikuta una spishi nne katika mti mmoja.

Tazama mkia kwanza. Kindi-jua ana mkia mwembamba wenye pete nyembamba nyingi, nyeusi na za rangi hafifu, toka shinani hadi nchani. Tumbo lake ni la rangi hafifu na manyoya yake ya tumboni ni machache. Tumbo-jekundu ana mkia uliojaa, wenye wekundu wa machungwa yaliyoiva, na wekundu huo huo uko miguuni, tumboni na pembeni mwa uso, huku mgongo ukiwa wa giza wenye chembechembe. Kisha tazama alipo. Tumbo-jekundu hupenda vichaka na matawi ya chini, hushuka ardhini mara nyingi kutafuta mbegu, na akishtuka hutoa milio mikali ya haraka huku akitikisa mkia. Kindi-jua hukaa juu zaidi, na asubuhi baada ya usiku wa baridi utamkuta amelala kifudifudi juu ya tawi, miguu ameitawanya, akiota jua. Ndiyo asili ya jina lake.

Wageni wengi kutoka Ulaya na Marekani watakuuliza kama hawa ni ndugu wa kindi waliowaacha bustanini kwao. Jibu ni kwamba ni ndugu wa mbali mno. Kindi wengi wa mitini wanaoonekana bustanini Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni wa jenasi *Sciurus*, na jenasi hiyo haina mwenyeji hata mmoja kusini mwa Sahara. Kindi wetu wa mitini, yaani *Paraxerus*, *Heliosciurus*, *Funisciurus* wa misitu ya Kongo na wenzao wachache, wanaunda kabila lao linaloitwa Protoxerini. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2003 na 2004 ulionyesha kwamba kabila hili limo katika tawi moja na kuchakuro wa ardhini wa Afrika, na hata panya-milima wanene wa Ulaya wanaolala majira yote ya baridi. Mababu wa kindi wetu waliingia Afrika katika kipindi cha Maiosini, mamilioni ya miaka iliyopita, baada ya bara hili kugusana na Asia kupitia Arabuni, wakaenea na kugawanyika humu humu. Kupanda miti kusikudanganye kuhusu udugu. Ni kazi tu ambayo matawi tofauti ya familia yanaifanya.

Sasa majina. Hapa ndipo kitabu chenu na simu yako vinapogombana.

Mwaka 1842 Waterhouse alimweleza kindi mwenye mikono myekundu kutoka kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko, akamwita *rufobrachium*. Miaka kumi baadaye Wilhelm Peters wa Berlin, aliyekuwa amekaa Msumbiji kwa miaka kadhaa kati ya 1842 na 1848, alichapisha kazi yake juu ya wanyama wa huko. Ndani yake mna *mutabilis*, na mna tumbo-jekundu wetu *palliatus* pia. Kisha mwaka 1892 Mmarekani Frederick True alimweleza kindi wa pete aliyekusanywa Kilimanjaro na mtembezi William Abbott, akamwita *undulatus*. Huo ndio mtindo wa zama zile: kila sanduku la ngozi lililofika makumbusho ya Ulaya au Marekani lilizaa jina jipya.

Baadaye wanasayansi wakachoka na wingi huo wa majina. Wakawakusanya kindi-jua wengi wa misitu, kutoka Afrika Magharibi hadi pwani yetu, wakawaweka chini ya jina kongwe zaidi, ambalo ni *rufobrachium*. Kanuni ya majina ya wanyama ndiyo hiyo: mkishaamua kwamba makundi mawili ni spishi moja, jina lililotangulia ndilo linalobaki. Kitabu chenu kimeandikwa kwa mtazamo huo, na kwa wakati wake hakikusema uongo.

Mwaka 1982 Peter Grubb alirudi kwenye ngozi na mafuvu ya kindi-jua wa Afrika Mashariki, akaonyesha kwamba tulikuwa tumewachanganya watu wa nyumba tatu. Wa magharibi, yaani Uganda, magharibi mwa Kenya, Kongo na kuendelea, ndio *rufobrachium*. Wa kusini, kuanzia Tanzania ya kusini hadi Malawi, Msumbiji na mashariki mwa Zimbabwe, ni *mutabilis*. Wa kusini-mashariki mwa Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania, pamoja na visiwa vya Unguja na Mafia, ni *undulatus*. Mgawanyo huu ndio unaofuatwa na orodha kuu za wanyama wanyonyeshao duniani tangu wakati huo. Kwa hiyo simu yako iko sahihi, na mgeni wako wa Kampala naye yuko sahihi kwa kindi wa kwao. Kosa lake ni kudhani kwamba wenu ni yule yule.

Kwa nini wagawanyike hivyo? Kindi-jua hawa ni wanyama wa miti mingi. Kati ya misitu ya Ziwa Victoria na misitu ya pwani kuna Bonde la Ufa na nyika kavu ya Kenya na Tanzania ya kati. Vipindi vya mvua nyingi vilipokuwepo misitu ilisogeleana. Ukame uliporudi ikabaki vipande vipande, kila kipande na wakazi wake. Wakitengana muda mrefu, mabadiliko madogo hujikusanya kila upande bila kuchanganyika tena. Ningependa uwaeleze wageni jambo hili, kwa sababu ndilo linaloeleza pia wingi wa viumbe wa Usambara, Uluguru na Shimba ambao hawapatikani pengine.

Nikupe tahadhari moja. Mpaka kati ya *undulatus* na *mutabilis* ndani ya Tanzania haujachorwa kwa ukuta. Umetolewa kwa vielelezo vichache vya makumbusho, na mtu mwingine akija na vinasaba vya kutosha anaweza kuusogeza. Kwa Unguja hilo halina athari kubwa, lakini ukisikia muongozaji mwenzako wa huko kusini mwa Tanzania akilalamika kwamba jina limebadilika tena, usishangae. Na ukisoma rekodi yoyote ya zamani iliyoandikwa *rufobrachium*, soma mahali kwanza na jina baadaye. Rekodi ya *rufobrachium* kutoka Unguja ya mwaka 1960 ni *undulatus* wa leo; kutoka Entebbe inabaki vile vile.

Tumbo-jekundu ana hadithi ya namna nyingine, na mimi binafsi ndiye ninayempenda zaidi, kwa sababu ramani yake inafuata pwani yetu karibu yote. Anaanza kusini mwa Somalia, anashuka pwani ya Kenya na Tanzania, anaingia Msumbiji, anapanda ndani hadi Malawi na mashariki mwa Zimbabwe, na anaishia KwaZulu-Natal. Maumbo yake yaliyowahi kupewa majina yanasomeka kama safari ya jahazi: *barawensis* wa Barawa, *tanae* wa mto Tana, *suahelicus*, na *frerei* aliyeelezwa kutoka Unguja yenu mwaka 1873. Si kila jina kati ya hayo linatambuliwa leo kama nususpishi halali (kundi dogo ndani ya spishi moja), lakini yanaonyesha jinsi mnyama huyu anavyobadilika kadiri unavyosafiri.

Mabadiliko hayo yana mpangilio. Mwaka 1833 mwanasayansi Gloger aliona kwamba wanyama wa spishi moja huwa na rangi nzito zaidi kwenye unyevu na hafifu kwenye ukavu, na tumbo-jekundu ni mfano mzuri wake. Wale wa msitu wenye unyevu wa Ngoye, KwaZulu-Natal, wanaoitwa *ornatus*, ni wakubwa na wa giza zaidi. Jirani zao wa vichaka vikavu vya pwani, *tongensis*, ni wadogo na wa rangi nyepesi. Mtu akiwaweka hao wawili mezani bila kujua, angeapa ni spishi mbili.

Hapo ndipo mgeni wako wa Afrika Kusini alipopata neno lake. Kwao kweli ni adimu: wamebaki kwenye misitu michache, na *ornatus* yuko Ngoye tu. Lakini KwaZulu-Natal ni ncha ya kusini ya eneo lake, si kitovu. Kwa spishi nzima, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili unamweka katika daraja la wasio na wasiwasi mkubwa. Usiuchukulie uamuzi huo kama kibali cha kulala. Daraja hutolewa kwa eneo zima kutoka Somalia hadi Afrika Kusini, na msitu mmoja unaweza kumpoteza kindi wake wote kwa mkaa na mashamba bila daraja kutikisika. Kisiwani hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu hakuna msitu wa jirani wa kuwarudisha.

Ukivuka kwenda Bagamoyo, usije ukadhani umepata umbo jingine la mmoja wa hawa wawili. Bara utakutana na *Paraxerus ochraceus*, mdogo, wa rangi ya manjano-kahawia, asiye na wekundu tumboni. Alielezwa na Huet mwaka 1880 kutoka Bagamoyo hapo hapo. Na Lushoto, juu Usambara, yuko *Paraxerus vexillarius*, wa milimani, aliyepewa jina mwaka 1923.

Kuhusu majahazi, wazee wana sababu ya kusema hivyo. Watu wameleta wanyama wengi Unguja: kunguru waliletwa mwishoni mwa karne ya 19, na yule fungo mdogo wa asili ya Bara Hindi hakuogelea. Kindi pia huhamishwa na watu. Huko Cape Town kindi wa kijivu wa Amerika waliletwa na Cecil Rhodes na wapo mpaka leo. Kwa hiyo dai lenyewe si la kipuuzi.

Ila kwa kindi wenu kuna maelezo yasiyohitaji jahazi. Bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, makumi ya mita tu. Miaka takriban 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita kama 120. Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na Mafia vile vile. Ushahidi uko kwenu kusini: katika pango la Kuumbi, Jambiani, wachimbaji wamepata mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao hakuna aliyewapandisha jahazini. Bahari ilipopanda, takriban miaka 10,000 iliyopita, walionaswa kisiwani walibaki. Wakubwa wengi walitoweka. Wadogo wanaotosheka na msitu kidogo, kindi wakiwemo, waliweza kuendelea. Kima punju na paa nunga wa Jozani wanaelezwa kwa njia hiyo hiyo. Pemba ni tofauti, kwa kuwa mkondo unaoitenga una kina cha mamia ya mita na ilijitenga zamani zaidi.

Je, hilo linathibitisha kwamba hakuna kindi hata mmoja aliyewahi kuletwa? Hapana. Mtoto wa kindi akibebwa kwenye kikapu kutoka Tanga haachi hati. Lakini kwa spishi mbili zenye miti ya kutosha, zilizopo pande zote mbili za mkondo mfupi, daraja la ardhi ni maelezo yenye nguvu zaidi, na ndilo ningeliandika. Simulizi ya majahazi itoe kwa mdomo, ukiitaja kuwa ni ya wazee. Wageni hupenda kuisikia, na ni heshima kwa wazee.

Kwenye bango ningeandika hivi: "Kindi tumbo-jekundu, *Paraxerus palliatus*. Mkia na tumbo vyekundu. Huonekana vichakani na ardhini. Anapatikana kutoka kusini mwa Somalia hadi KwaZulu-Natal." Chini yake: "Kindi-jua, *Heliosciurus undulatus*. Mkia wenye pete. Huonekana juu mitini, hasa asubuhi akiota jua. Anapatikana kusini-mashariki mwa Kenya, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, Unguja na Mafia. Vitabu vya zamani humwita *Heliosciurus rufobrachium*." Mstari huo wa mwisho usiuache, utakuokoa na mabishano kila mgeni atakapofungua kitabu chake. Nususpishi zisikae kwenye bango, ziacheni kwa mazungumzo. Wekeni pia picha ya mkia wa kila mmoja kutoka ubavuni, na mstari mmoja mfupi: "Dume na jike wana rangi moja."

Programu ya simu endelea kuitumia, lakini usiipe picha moja ya mgongo ukategemea jibu. Piga mkia ubavuni, tumbo likionekana, na uhifadhi mahali na tarehe. Ukipata kindi ambaye hafanani na hata mmoja kati ya hawa, au mwenye alama usizozielewa, hapo maelezo yangu na picha zako havitoshi. Ukimkuta amegongwa kwenye barabara inayokata msitu, usimshike kwa mikono mitupu. Wape ofisi ya hifadhi wamhifadhi, kisha wawasiliane na idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au makumbusho ya taifa yenye mkusanyo wa wanyama. Fuvu moja lenye tarehe na mahali linaweza kujibu swali ambalo picha mia hazijalijibu.